Muulize Bibi Nesi: Jiki nyingi sio usafi

Toleo lililopita niliandika mistari minne tu kuhusu vyombo vya kusafishia vidonda, kwamba tuache kuviloweka kwenye klorini kabla ya kuviosha, nikadhani nimepita salama. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yote yaliyokuja ni ya usafi wa hospitali, wengine wameuliza, wengine wamenisema, na mmoja kaniambia nimezeeka nistaafu hata huku kuandika (nilishastaafu mwanangu, hapa napumzikia tu). Basi leo ni usafi mwanzo mwisho.

Shikamoo Bibi Nesi. Nimemuuguza mama wodini wiki mbili nzima, aliingia na mguu, mguu umepona, ila ametoka na homa ya mkojo ambayo hakwenda nayo. Kinachonishangaza ile wodi ilikuwa safi kweli, sakafu inadekiwa mara tatu kwa siku mpaka unajiona sura, na harufu ya dawa ukifika tu mlangoni inakupiga puani. Sasa hii infeksheni imetoka wapi? – Binti wa mama

Marahaba mwanangu, na pole na kuuguza maana kuuguza nako ni kuumwa. Nianze na mama kwanza. Hujasema kama aliwekewa mpira wa mkojo lakini nabahatisha aliwekewa, kwa sababu homa nyingi za mkojo zinazompata mtu akiwa kalazwa zinapitia kwenye ule mpira, na kadiri unavyozidi kukaa siku ndo hatari inavyozidi kupanda. Mwenye mgonjwa ana haki ya kuuliza kila asubuhi, dokta huu mpira bado unahitajika? Utashangaa mara ngapi jibu ni kwamba haukuwa unahitajika, umesahaulika tu.

Sasa tuje kwenye sakafu na harufu. Harufu inakuambia tu kwamba kuna dawa hewani, haikuambii ile dawa imepitishwa wapi. Na sakafu hata ing'ae vipi, nani anaishika? Jikumbuke wewe mwenyewe siku moja tu pale, umemgeuza mama ukashika chuma cha kitanda, ukafungua ile kabati ndogo ya pembeni, ukasogeza stendi ya dripu, ukawasha taa, ukashika kitasa cha choo, alafu ukarudi ukamtengenezea mama shuka na labda na ule mpira ukausogeza usimbane. Nesi naye kafanya hivohivo ila yeye kaenda vitanda kumi na mbili. Njia ya mdudu ni hio, mikono na vile vitu vinavyoshikwashikwa, sio vigae.

Na usidhani vitu vikavu vinajisafisha vyenyewe. Kuna mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Wajerumani mwaka 2006 walikusanya yote yaliyojulikana kuhusu muda ambao vijidudu vinaishi kwenye kitu kikavu, wakakuta yule stafilokoka anayeleta usaha kwenye vidonda anaweza kukaa kuanzia siku 7 mpaka miezi 7, na asinetobakta anayesumbua sana vyumba vya wagonjwa mahututi kuanzia siku 3 mpaka miezi 5. Miezi! Ndo maana ukilazwa kwenye chumba alichotoka mtu mwenye bakteria sugu na wewe unakuwa kwenye hatari zaidi ya kumpata yuleyule, ingawa hamjawahi kuonana.

Huko Marekani kuna watafiti walifanya kitu cha kijanja. Walipaka jeli isiyoonekana kwenye vitu vinavyoshikwa sana vyumbani, wafanya usafi hawana habari, chumba kikishasafishwa wanarudi na tochi ya mwanga wa zambarau kuangalia, ilipofutwa imefutwa, isipofutwa inawaka. Hospitali 36, matokeo yakatoka 2008, wastani wa vilivyofutwa ulikuwa asilimia 48. Yaani zaidi ya nusu ya vitu havikuguswa, hata kama kwa macho chumba kinaonekana kisafi. Baada ya kuwaonyesha wenyewe wafanya usafi yale matokeo na kuwafundisha upya ikapanda mpaka 77, na hapo hakuna dawa mpya iliyonunuliwa.

Mama hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 kwenye nchi tajiri na 15 kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati wanapata angalau infeksheni moja wakiwa humohumo hospitali.

Shikamoo Bibi. Mimi ni mfanya usafi nina miezi minne kazini, mafunzo sikupewa, nilipewa ndoo, dekio na dumu la jiki basi. Supavaiza anasema mimina mpaka usikie harufu. Macho yananiwasha, kifua kinabana, na kulalamika naogopa maana kazi zenyewe tunazijua. Kipimo hasa ni kipi? – Mwenye ndoo

Marahaba mjukuu wangu. Swali lako ndo lililonifanya niache mengine yote nikalishughulikia hili kwanza, na mwonyeshe supavaiza ukurasa huu, mwambie Bibi kasema.

Kwanza kabisa jiki haisafishi. Najua hapa watu watapiga kelele tena. Jiki inaua vijidudu, kusafisha ni kazi ya sabuni na maji na mkono wako unaosugua. Ile klorini iliyomo kwenye jiki haichagui cha kula, ikikutana na damu, matapishi, usaha, hata vumbi na mafuta ya mikono, inapambana na huo uchafu mpaka inaisha nguvu, na mdudu aliye chini ya uchafu anabaki salama kama mtu aliyejifunika blanketi. Kwa hiyo sabuni kwanza, futa au suuza sabuni itoke, ndo dawa ifuate. Na kwa sehemu nyingi za kawaida, maofisini, korido, kuta, sabuni na maji vinatosha kabisa, klorini ya nini.

Pili kipimo. Angalia dumu limeandikwa asilimia ngapi, usikisie, maana yanatofautiana. Kanuni ni hii, chukua asilimia ya dumu, gawanya kwa asilimia unayoitaka, alafu toa moja, jibu lako ndo idadi ya vipimo vya maji kwa kipimo kimoja cha jiki. Mfano dumu ni la 5% na wewe unataka 0.5% ya kumalizia pale palipomwagika damu. 5 gawanya kwa 0.5 ni 10, toa moja ni 9. Kikombe kimoja cha jiki, vikombe 9 vya maji. Unataka 0.1% ya kufutia vitanda na kabati? 5 gawanya kwa 0.1 ni 50, toa moja 49, yaani kwenye ndoo ya lita 10 weka mililita 200 tu za jiki maji yajazie. Mililita mia mbili! Sasa fikiria wewe umekuwa unamimina ngapi. Dumu likiwa la 3.5% hesabu inabadilika, kwa 0.5% inakuwa kipimo 1 kwa 6 vya maji. Tafuta kikombe kimoja, kichore alama, kiwe cha kazi hio tu.

Ukizidisha huui zaidi, unajiumiza. Macho kuwasha na kifua kubana ndo mwili unakuambia hivo, na ile barakoa ya kawaida ya wodini haizuii hewa ya klorini hata kidogo, usijidanganye nayo. Changanyia mahali penye hewa, maji ya baridi sio ya moto (ya moto yanaipunguzia nguvu na yanakupandishia mvuke usoni), vaa glavu nene za kazi sio zile nyembamba za nesi, funika macho, na utie jiki kwenye maji. Changanya ya siku hio tu, ifunike, isikae juani, kesho mwaga tengeneza nyingine maana inachuja nguvu yenyewe. Na usiipulizie kwa chupa ya kupuliza, lowesha kitambaa ufute.

Tatu, na hili nakuomba ulishike kama jina lako, usichanganye jiki na kitu kingine chochote. Sio na dawa ya choo yenye asidi, sio na dawa yenye amonia. Ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini yenyewe, ile iliyotumika vitani kuua watu, na ikikutana na amonia inatoa gesi nyingine ya kuchoma mapafu. Hata mkojo uliomwagika usiumiminie jiki juu yake moja kwa moja, kausha kwanza, osha, ndo uje na dawa.

Damu nayo ni vilevile. Kausha kwa kitambaa au karatasi ya kutupa ukiwa umevaa glavu, osha kwa sabuni, alafu mwagia 0.5% na uiache ikiwa imelowa dakika kama 10. Kuiacha ndo watu hawawezi, wanapaka na kukausha hapohapo kwa sababu ya haraka, sasa dawa itaua saa ngapi? Dawa inaua ikiwa imelowa. Ikikauka kabla ya muda wake umepaka maji yenye harufu.

Na kitambaa, mjukuu wangu. Kikunje mara mbili utapata pande nane ndogo, futa kitu kimoja kwa upande mmoja, geuza, upande mwingine, pande zikiisha kitambaa kinaenda kwenye ndoo ya kufuliwa na unachukua kingine kipya. Usikirudishe kwenye ndoo ya dawa, ukikirudisha umeigeuza ndoo kuwa mchuzi wa vijidudu na kuanzia kitanda cha pili unawapaka watu wote. Anza kusafi malizia kuchafu, anza juu shuka chini, choo mwisho kabisa, na kitambaa cha choo kisionane na cha kitanda hata kwenye kufuliwa. Kufagia kwa ufagio mkavu wodini acha kabisa, unarusha vumbi juu ya vidonda vya watu.

Kifua kikiendelea kubana nenda ukapimwe, na waambie ni cha kazini.

Bibi Nesi, kwa heshima zote, nimefundishwa na nimefundisha wanafunzi zaidi ya miaka 20: kifaa chenye damu kinaingia kwenye klorini 0.5% dakika 10 ndipo kinaoshwa. Wewe toleo lililopita umefuta yote kwa mistari minne. Unataka wanaoviosha waambukizwe? – Mwalimu mwenzako

Mwalimu mwenzangu, hata mimi nilifundishwa hivohivo na nikafundisha hivohivo, enzi zile hofu ya ukimwi imetushika kooni ile ndoo ya klorini ilikuwa ndo ngao yetu. Kwa hiyo sikusemi wewe, najisema na mimi.

Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 kuhusu kutakasa vifaa tiba umekataa wazi kuloweka vifaa kwenye dawa kabla ya kuvisafisha, na ukiangalia sababu zake huwezi kubishana nazo. Klorini inakula chuma, mkasi unapata kutu na vijishimo, na kwenye kile kishimo ndo damu inajificha safari ijayo. Damu nayo inaila klorini, kwa hiyo unayemwogopea bado hayuko salama ila sasa anajiona salama, anaingiza mkono bila kujikinga vizuri. Na ile ndoo ya maji ya damu na klorini ikibebwa kutoka chumba kimoja kwenda kingine inarukia watu.

Anayeosha analindwa na vazi na namna ya kuosha. Glavu nene, aproni isiyopitisha maji, kinga ya uso. Kifaa kikishatumika kisikaukiwe na damu, kifunike kwa kitambaa kilicholowa maji au kipulizie ile dawa maalumu ya kukilinda kisikauke, kipelekwe kwenye chombo kilichofungwa, kioshwe kwa sabuni na brashi kikiwa ndani ya maji, sio juu ya maji, ili yasirukeruke, viungo vyote vifunguliwe. Suuza, kausha, kagua kwenye mwanga, ndo kiende kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke wa moto ya kutakasa vifaa, nyuzi 121 kwa dakika 15 au 134 kwa dakika 3, na dakika zinaanza kuhesabiwa joto likishafika, sio unapobonyeza swichi. Kifungashio na aina ya mashine vinaweza kuongeza muda, fuata kitabu cha mashine.

Na kama wanafunzi wako wanachanganyikiwa kipi kiende wapi, Mmarekani mmoja, Earle Spaulding, aliturahisishia miaka mingi nyuma na mpaka leo dunia nzima inatumia. Kinachoingia mahali pasipo na vijidudu kabisa, kwenye mshipa, kwenye tumbo lililopasuliwa, lazima kisiwe na mdudu hata mmoja. Kinachogusa utando laini, mdomoni, ukeni, kooni, kiuliwe vijidudu kwa kiwango cha juu. Kinachogusa ngozi nzima tu kama mkanda wa presha, kisafishwe na kufutwa dawa ya kawaida. Ukiuliza kifaa kinagusa wapi umeshapata jibu.

Umesema unataka wanaoviosha wasiambukizwe, mimi pia nataka hivohivo, kwa hiyo tuwanunulie aproni.

Mambo Bibi, shikamoo. Mi ni nesi mpya. Nikienda kunawa katikati ya mgonjwa na mgonjwa wenzangu wananicheka, wanasema si umevaa glavu, unapaka tu sanitaiza juu ya glavu unaendelea. Niambie ukweli, nani mshamba? – Nesi mchanga

Marahaba. Sio wewe.

Glavu ina vitundu vidogo usivyoviona, na unapoivua unajipaka, hilo limeonyeshwa mara nyingi tu. Ila kubwa kuliko hayo ni kwamba glavu inakulinda wewe, haimlindi mgonjwa wa kitanda cha pili, kwake yeye glavu iliyotoka kitanda cha kwanza ni mkono mchafu tu wenye rangi ya bluu. Glavu moja mgonjwa mmoja kazi moja, unavua, unatakasa mikono, unavaa nyingine. Na sanitaiza imetengenezwa kwa ajili ya ngozi sio mpira.

Kuhusu kuchekwa, kuna dokta mmoja huko Vienna anaitwa Ignaz Semmelweis, mwaka 1847. Hospitali yao ilikuwa na wodi mbili za uzazi, moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga, na akina mama walikuwa wanafia zaidi kwa madaktari mpaka wengine wanalia wasipelekwe kule. Kilichomfumbua macho ni rafiki yake kuchomwa na kisu wakati wa kupasua maiti akafa kwa ugonjwa unaofanana na ule wa wazazi. Akaelewa kwamba madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti wanaenda moja kwa moja kuzalisha, na mikono ileile. Akaweka beseni la maji ya chokaa yenye klorini, hakuna kuingia bila kunawa. Aprili mwaka huo walikufa asilimia 18 kwenye wodi ya madaktari, Juni ikashuka mpaka 2 na kitu. Wenzake walimcheka na kumchukia kwa sababu maana yake ni kwamba wao ndo walikuwa wanaua, akaishia kufia kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili 1865. Kwa hiyo wewe kuchekwa tu bado uko pazuri.

Habari njema ni kwamba kunawa kwa beseni sio lazima tena. Mwaka 2000 Didier Pittet na wenzake wa Geneva walitoa matokeo ya kuweka dawa ya spiriti ya mikono pembeni ya kila kitanda, kwa sababu waligundua manesi hawakuwa wavivu, hawakuwa na muda wa kwenda kwenye sinki. Waliotakasa mikono wakatoka asilimia 48 mpaka 66, na wagonjwa wenye infeksheni za hospitali wakashuka kutoka asilimia 16.9 mpaka 9.9. Sekunde 20 mpaka 30 za kusugua hadi ikauke, wakati sabuni na maji inataka sekunde 40 mpaka 60. Unaifanya kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi safi kama kuweka kanyula (ule mrija mdogo wa dripu kwenye mshipa), baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na hii ya mwisho wengi wanaisahau, baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka hata kama yeye hujamgusa.

Mikono ikiwa inaonekana ina uchafu au damu, nenda kwenye sabuni na maji. Na mgonjwa mwenye kuhara kunakoletwa na bakteria aitwaye klostridiamu baada ya antibaiotiki, pia sabuni na maji, spiriti haiui zile mbegu zake ngumu, na chumba chake kinataka klorini.

Bibi, hospitali yetu wanataka kununua mashine ya mwanga inayoua vijidudu yenyewe, wanasema tutapunguza wafanya usafi. Ni kweli inafanya kazi? – Fundi wa hospitali

Inafanya kazi, ila haifanyi kazi hio wanayoitaka. Utafiti mkubwa wa hospitali 9 za Marekani uliotoka 2017 uliongeza mwanga wa UV baada ya usafi wa kawaida wa chumba mgonjwa akishaondoka, na waliolazwa baadaye kwenye vile vyumba wakapungukiwa kwa karibu asilimia 30 hatari ya kupata bakteria sugu waliokuwa wanafuatiliwa. Lakini soma vizuri, baada ya usafi. Mwanga hauondoi uchafu na hauingii kwenye kivuli, chini ya kitanda, nyuma ya kabati, upande wa pili wa rimoti. Na pale ambapo tayari walikuwa wanatumia klorini, kwa ile klostridiamu mwanga haukuongeza kitu. Alafu hauwezi kuuwasha mgonjwa akiwa ndani, kwa hiyo kazi ya kila siku nani ataifanya? Mashine ikija wafanya usafi wabaki.

Wale wanaouliza kuhusu kuwapulizia watu dawa mlangoni nao jibu ni hapana, Shirika la Afya Duniani lilisema hivo 2020, unamwagia mtu kemikali machoni na mdudu aliye kooni kwake hana habari.

Shikamoo Bibi. Mi ndo msimamizi wa wodi. Nimeomba niongezewe mtu mmoja wa usafi, utawala wanasema usafi sio tiba, leta ushahidi. Nipe ushahidi. – Msimamizi

Marahaba, na hongera kwa kuwa na utawala unaouliza ushahidi, wengine hawaulizi wanakataa tu.

Wapelekee huu wa Australia wa mwaka 2024. Hospitali moja, wodi 10, wagonjwa 5,002. Walichofanya ni kuongeza saa 3 za usafi kwa siku za kazi, sio wa sakafu, wa vile vifaa vinavyozunguka kutoka mgonjwa mmoja kwenda mwingine, mashine za presha, stendi za dripu, viti vya magurudumu, vitoroli, vile ambavyo nesi anadhani ni vya mfanya usafi na mfanya usafi anadhani ni vya nesi. Wakawafundisha, wakawapa majibu ya jeli ileile niliyomweleza Binti wa mama. Wakishapiga hesabu zao, infeksheni za hospitali zikatoka asilimia 14.9 mpaka 9.8. Kwa saa tatu!

Wakikuambia hospitali moja haitoshi, kuna mwingine wa hukohuko Australia wa 2019, hospitali 11, walifundisha na kupima usafi wenyewe, na maambukizi ya enterokoki (bakteria wa tumboni) wasiosikia antibaiotiki ya vankomaisini yakapungua kwa asilimia 37. Nisikufiche, kwa klostridiamu na kwa stafilokoka wa kwenye damu hawakupata tofauti ya maana, na ukienda kwenye kikao uliseme mwenyewe kabla hawajalitafuta, utaaminika zaidi.

Na ukipata huyo mtu, kaeni mara moja muandike nani anasafisha nini. Mimi nilishafanya kazi kwenye wodi yenye mashine moja ya presha, tulipokuja kuulizana nani anaifuta kila mtu alimtazama mwenzake, ilikuwa na miaka sita.

Bibi nauliza kitu kidogo, simu wodini je? – Mvivu wa kuandika

Ifute kwa kitambaa chenye spiriti ya 70%, sio ya 95, yenye maji kidogo inaua vizuri zaidi. Na usiingie nayo chooni alafu uje uiweke juu ya kitanda cha mgonjwa.

Shikamoo Bibi. Nimelazwa muda huu ninapoandika. Nesi anakuja kunibadilishia dripu katoka kwa mwenzangu hajagusa maji. Nikimwambia anawe ataninunia, na mi namtegemea yeye usiku. Nifanyeje? – Kitanda cha dirishani

Marahaba, na ugua pole. Usimwambie mbele ya wengine na usiseme hujanawa. Mwulize kwa upole, sista ile dawa ya mikono ipo wapi na mimi nipake? Mara nyingi akikuonyesha na yeye anapaka. Au omba chupa iwekwe kwenye kabati yako, akija msogezee.

Nilipokuwa kijana kazini tulikuwa na mzee mmoja kalazwa na kidonda cha tumbo, hakuwa mtu wa maneno. Ukifika kumtoboa mshipa anarudisha mkono wake chini ya shuka. Anakuangalia mikono. Nilisimama pale na trei yangu kama dakika nzima sielewi, mpaka nikaelewa, nikaweka trei chini nikaenda kwenye sinki, niliporudi mkono ulikuwa juu ya shuka.